Spana Haitoki Mkononi Mwangu

Riana, Tasmania
Januari 21

Kwako kaka Angus,

Salamu zangu zikukute umepata pa kukaa penye kivuli, maana Mama anasema huko Kalgoorlie jua limekuwa kali hata chuma hakishikiki bila glavu. Habari za mgodini? Na mgongo wako je, bado unalalamika ukiinama? Sisi huku tu wazima. Baba ameanza kuvuna viazi vya mwanzo na anagombana na trekta kama kawaida yao. Mama goti linamsumbua, ila ukimwambia apumzike anakuuliza ng'ombe watakamuliwa na nani, na wewe? Mbwa wako amenenepa, na gari likikata kona ya kwetu bado anakimbilia getini akidhani ni wewe.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono kutoka kwangu, mimi ambaye hata heri ya Krismasi nakutumia kwa simu. Kwa jambo hili simu siiamini. Kundi letu la familia lina mashangazi ndani, na neno likimfikia shangazi mmoja asubuhi, mchana liko duka la mikate kule mjini Penguin. Isome peke yako, ukishamaliza itie kwenye moto.

Mama amekwisha kukupigia, kwa hiyo unajua kwamba nimepata chuo. Ni kweli. Nitasomea tiba ya viungo huko Hobart, naanza mwezi ujao. Najua pia amekusimulia ya Karnivali ya michezo ya Mwaka Mpya, jinsi Brodie Lillico alivyoumbuka mbele ya watu, na jinsi mimi nilivyosafishwa jina. Hayo nayo ni kweli, lakini ni nusu. Wewe ni kaka yangu na ndiye uliyenifundisha kushika spana, kwa hiyo nusu ya pili nakupa wewe.

Brodie unamjua, yule mrefu uliyezoea kumwita Mwiko. Ulipoondoka, banda la viazi lilibaki letu, mimi na yeye. Baba alitupa kona ya nyuma, tukasimika stendi ya kutengenezea baiskeli, tukatundika zana zako ukutani. Mwaka wote wa mwisho wa shule tulikuwa pale kila jioni baada ya mazoezi, tukisafisha cheni na kuulizana maswali ya mtihani. Sheria yetu ilikuwa moja: ukikosa swali, unasugua gia za mwenzako kwa mswaki. Yeye alikuwa akikosa kemia, mimi nikikosa hesabu, basi gia zetu ziling'aa kuliko sahani za Mama. Ananiuliza misuli ya paja huku grisi imemfika viwikoni, nikikosea ananiambia, we Teg, daktari gani wewe, mgonjwa ataleta goti utamtibu kidole. Nami namjibu atafute chuo cha kuosha vyombo, maana mswaki ameshauzoea. Sote wawili tulitaka kozi ileile. Tulikuwa tumepanga tukapange nyumba moja Hobart, baiskeli zikae sebuleni na viti vikae nje.

Mfalme wa banda lile ilikuwa spana ya kipimo uliyonitumia siku yangu ya kuzaliwa, ile inayolia tak boliti ikifika nguvu inayotakiwa. Klabu nzima ya baiskeli hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Kila mwenye usukani wa kaboni alikuja kwetu, kwa sababu kaboni ukiikaza kwa kukisia, itateleza au itapasuka. Watu wakawa wakisema, usukani mpelekee Teg. Hilo neno lilinifurahisha wakati ule, na ndilo lililokuja kuninyonga.

Mwezi wa nane Jodie Marr alituletea baiskeli yake ya uwanjani tumtengenezee kabla msimu haujaanza. Tukagawana kama siku zote, mimi nyuma, Brodie mbele. Mimi nilishika gurudumu la nyuma, cheni na pedeli. Yeye alishika usukani. Katikati ya kazi simu yake ikalia, akatoka nje kuongea na msichana wake wa Devonport, akarudi anachekacheka, akaishusha baiskeli kwenye stendi na kusema tayari. Sikukagua. Mtu uliyefanya naye kazi miaka yote hiyo humkagui, ni kama kukagua mkono wako mwenyewe.

Jumamosi yake Jodie alipanda kwenye mwinamo wa kona, pale uwanja unapoinuka kama ukuta, kwa kasi yake yote, usukani ukazunguka mikononi mwake, akaruka juu ya baiskeli na kutua kwa bega. Mfupa wa bega ulivunjika, na meno mawili ya mbele yakabaki kwenye zege.

Siku hiyohiyo Brodie alikuja bandani akiwa mweupe kama unga. Aliketi juu ya gunia la viazi akalia, akasema nimesahau, Teg, sikuzikaza zile boliti, niliziingiza kwa vidole tu. Angus, nilimkumbatia. Nilimpikia chai. Nilimwambia twende kwa Jodie wote wawili tumweleze, kosa ni la banda na tutalibeba pamoja. Akaniomba tungoje kwanza Jodie atoke hospitali. Nikakubali, mjinga mimi.

Nilichosahau ni kamati ya klabu. Unajua chuo hutenga nafasi chache kwa vijana wanamichezo wa huku mashambani, na kila klabu hupeleka jina moja tu. Jina lako likipelekwa, unaongezewa alama. Sote wawili tulikuwa tunalihitaji jina hilo, na tulikuwa tumeahidiana kwamba atakayekosa atampigia mwenzake makofi bila kununa. Kamati ikakaa Jumatatu, kabla hata Jodie hajatolewa nyuzi mdomoni. Katibu ni mama yake Brodie. Walipouliza nani alikaza usukani ule, Brodie akasema ni mimi. Akaongeza kwamba aliniuliza kama nimetumia spana ya kipimo, nami nikamjibu asinifundishe kazi.

Waliponiita nilisema ukweli wote, hadi chai niliyompikia. Likawa neno langu na neno lake. Spana ni yangu, banda ni letu, na klabu nzima ilikuwa na wimbo mmoja, usukani mpelekee Teg. Nani angeniamini? Brodie alikuwa ameketi karibu na mama yake akiangalia viatu vyake. Hata jicho hakuninyanyulia. Jina lililokwenda chuoni likawa lake.

Kikulacho ki nguoni mwako, tuliimbishwa sana, lakini mtu haelewi mpaka siku anayoliwa. Watu walianza kuja bandani kuchukua vitu vyao kimyakimya. Baba mmoja alikuja kuchukua gurudumu la binti yake, akaligeuza na kulinusa kama samaki wa juzi. Nilikutana na Jodie kwenye duka la mikate, mkono umefungwa kifuani, nikamsogelea nimweleze. Akageuka akatoka bila kununua alichokifuata. Nililia njia nzima hadi nyumbani. Mama aliniambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nikamwambia Mama, ndwele hii bado inatoa usaha.

Nikaapa kwamba Brodie atakiona cha mtema kuni. Nilianza na kitu alichokipenda kuliko hata chuo, yaani zile mbio za Gurudumu la Mwaka Mpya pale Karnivali. Unakumbuka Mzee Nev anavyogawa alama za kuanzia mbio: mwenye nguvu anaanzia nyuma kabisa, mnyonge anatangulizwa mita nyingi mbele, ili wote wafike kengele ya mwisho wakiwa bega kwa bega. Na unajua kuna wanaoficha miguu, wakiendesha polepole kwa makusudi majira yote ya baridi ili Nev awahurumie, maana wewe mwenyewe ulijaribu mwaka ule ukashikwa. Brodie alikuwa ameficha yake vizuri. Kwenye mbio za klabu alijikokota kama mtu aliyekula futari nzito, lakini mimi nilikuwa nimempandia mlima wa Gunns Plains nyuma yake, najua alivyo. Alama aliyokuwa akiinyemelea ingempa ushindi bila jasho.

Basi mbio za klabu za mwanzo wa Desemba nilijisogeza ubavuni mwake, nikaanza kumsemesha sikioni. Nilimwambia afadhali chuo kimpokee mama yake, kwa kuwa ndiye aliyefaulu. Akacheka. Brodie ukimtukania kwao atacheka, lakini ukimwambia hana miguu anarukwa na akili. Nikamwambia hata wasichana wa klabu yetu wanamuita Bibi Lillico, kwa sababu anaendesha kama amebeba mayai. Alinyanyuka kwenye siti, Angus, akaondoka kama aliyechomwa na nyuki. Aliwazunguka wenzake wote, akawapita mara ya pili. Mzee Nev akasimama kwenye kiti chake, akavua kofia, akatazama saa yake ya mkononi kisha akamtazama Brodie kwa muda mrefu. Alama zilipotoka, Brodie alikuwa amerudishwa nyuma kabisa pamoja na wale wanaokula kwa kazi hiyo. Nilikula chakula cha jioni mara mbili.

Lakini angalia mambo yalivyonigeukia. Nilidhani nimemzika, kumbe nimempandisha jukwaani. Gazeti likaandika habari za kijana wa mashamba ya viazi atakayeanza mstari mmoja na wakubwa. Baba mwenyewe aliisoma kwa sauti mezani, alipofika katikati ndipo akanikumbuka, akakunja gazeti na kuomba chumvi. Wiki hiyohiyo matokeo ya mtihani yakatoka. Alama zangu zilipungua kiwango cha chuo kwa chache tu, zile ambazo jina la klabu lingezijaza. Za Brodie zilikuwa chini ya zangu, lakini yeye alikuwa na la kujazia.

Jioni ile nilikuwa nakamua, ukaingia ujumbe wake. Alisema pole sana Teg, ukitaka nikusaidie kutafuta kozi nyingine usisite kuniambia. Hakukuwa na dhihaka, kaka, na hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa amekwisha kujisamehe. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu na ananikaribisha sakafuni kwa adabu. Damu ilinichemka mpaka ng'ombe akanihisi na kupiga teke ndoo.

Siku ya Karnivali kulikuwa na jua zuri na upepo kidogo kutoka baharini. Wakata magogo upande wao, wakimbiaji upande wao, moshi wa soseji umetanda kila mahali. Mimi nilishindana asubuhi kwenye mbio za wanawake, nikatolewa mapema, halafu nikabaki kule ndani ya uwanja wanakokaa waendeshaji na baiskeli zao. Spana yako nilikuwa nayo kwenye mkoba. Sikuwa na wa kumkazia, lakini nilikwenda nayo.

Brodie aliingia fainali ya Gurudumu. Wakati wa kupasha misuli kabla ya fainali, usukani wake ukalala. Aliweza kusimama bila kuanguka, akarudi akiisukuma baiskeli huku usukani umening'inia kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Wakatokea watu na spana za kawaida kutoka kila mfuko. Akawakataza, akawaambia huu ni kaboni, mtaupasua. Kipaza sauti kilikuwa kinaita waendeshaji mstarini. Wote wakageuka kunitazama, kwa sababu kila mtu alijua spana ya kipimo iko wapi.

Mama yake ndiye aliyekuja kwanza. Akaniomba nimwazime. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba spana haitoki mkononi mwangu, anayetaka kukaziwa alete baiskeli nimkazie. Uso wake ukabadilika, akaniuliza kama nadhani atamruhusu mwanawe apande kitu nilichokigusa mimi, baada ya yale niliyomfanyia Jodie. Nikamwambia basi mama, yaishe, na nikafunga mkoba.

Halafu Brodie mwenyewe akaja. Alimpita mama yake kama hakumwona, akailaza baiskeli miguuni pangu, akasema kwa sauti ya chini, kaza basi Teg, wananiita. Sikushusha yangu. Nilimuuliza haogopi? Si mimi niliyemwacha Jodie na boliti wazi? Akasema kaza tu, tafadhali. Nikamwambia nikikaza mimi ataanguka, si ndivyo alivyowaambia kamati? Mzee Nev alikuwa amesimama pale na karatasi zake. Mwenyekiti alikuwepo na soseji mkononi. Na Jodie alikuwepo, amekuja kutazama tu, bega bado halijamruhusu kushindana.

Jodie ndiye aliyesogea. Alimtazama Brodie kama mtu anayesoma maandishi madogo, akamuuliza, kama Teg ndiye aliyeniangusha, mbona wewe unamletea usukani wako? Kipaza sauti kikamwita Brodie tena kwa jina. Akapapatika. Akatazama mstari wenzake walikojipanga, akanitazama mimi, neno likamtoka kabla hajalipima. Alisema, kwa sababu Teg hasahau.

 Jodie akamuuliza, sasa nani alisahau? Brodie akaangalia viatu vyake, kama siku ile ya kamati.  Mama yake aliketi juu ya sanduku la barafu. Mimi nilitoa spana, nikapiga goti, nikakaza. Tak. Tak. Nikamwambia nenda. Alikwenda mstarini, akaendesha kama mtu anayeota, na kabla ya kengele ya mwisho alikuwa ametoka uwanjani amekaa kwenye nyasi, kofia bado kichwani.

Nilifurahi, Angus. Sitakudanganya. Mwenyekiti alikuja kuniomba radhi na haradali ikiwa kwenye ndevu zake, Jodie alinikumbatia kwa mkono wake mmoja mzima, Baba alikuwa akijifanya ameingiwa na moshi machoni. Nilimtazama Brodie pale kwenye nyasi nikaona raha ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Hapo ndipo nusu ya Mama inapoishia. Sasa sikia yangu.

Zile boliti hazikulegea zenyewe. Nilizilegeza mimi. Asubuhi ile, baada ya mchujo, Brodie alipokwenda kupanga foleni ya soseji, niliinama kwenye baiskeli yake iliyolazwa nyasini, kama mtu anayefunga kamba za kiatu, na nikazirudisha nyuma robo ya mzunguko, kila moja. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Brodie kila siku hupasha misuli juu ya vile vibomba vinavyozunguka, ambavyo baiskeli hukimbia bila kwenda popote. Ni juu ya nyasi, hatua mbili kutoka kwenye kiti chake. Nilijua akivuta usukani pale utalala, ataanguka kama mtoto anayejifunza, atachubuka kiwiko, na itabidi aje kwangu. Nilijua atakuja, kwa kuwa duniani kote ni yeye peke yake aliyekuwa na hakika kwamba mikono yangu haina kosa. Hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha yangu, na niliipata sawasawa.

Lakini siku ile vibomba hakuvipanda. Kipaza sauti kiliwaambia wa fainali wanaruhusiwa kupasha misuli uwanjani, naye akajitoma moja kwa moja. Nilikuwa nimeegemea uzio. Nilimwona anapita mbele yangu, yale masikio yake yametokeza chini ya kofia, anaelekea kwenye mwinamo uleule uliomvunja Jodie. Ningeweza kumwita. Alikuwa karibu hata angesikia nikikohoa. Mdomo nilikuwa nao, sauti nilikuwa nayo, na nilinyamaza. Alizunguka mara ya kwanza. Nilinyamaza. Akapanda kona tena, akiwa juu kabisa, na macho yangu yalikuwa mikononi mwake tu. Usukani ulilala alipokuwa ameshashuka kwenye sehemu iliyonyooka, na kama ungelala kabla ya hapo, barua hii ningekuandikia kutoka mahali pengine. Usinitafutie udhuru kwamba niliganda kwa hofu. Sikuganda. Nilikuwa nataka kuona.

Na bado sijamaliza. Brodie hajui. Anaamini amesahau tena. Aliukaza usukani ule juzi yake kwa spana aliyoiazima Launceston, aliukaza vizuri, nina hakika kwa sababu nilizikuta boliti ngumu. Lakini yeye anakumbuka Jodie, na mtu akishasahau mara moja unaweza kumfanya aamini amesahau mara mia. Kamati ilikuwa bado inavutana, wengine wanasema jina likishapelekwa halirudi. Brodie mwenyewe ndiye aliyekwenda kwao. Aliwaambia yote ya Jodie, mbele ya mama yake, kisha akawaambia wampeleke Teg, kwa sababu mtu anayesahau mara mbili hafai kukabidhiwa viungo vya watu. Akaandika chuoni kwa mkono wake akajitoa. Sasa yuko kiwandani anachagua karoti. Baiskeli ameitundika, na nasikia hata matairi ya gari la mama yake hataki kuyajaza upepo, anamwita jirani.

Nilitaka aadhirike, nami nilitaka chuo changu. Nimepata vyote viwili, na juu yake nimepata kitu ambacho sikukiomba. Nikienda kwake nikamwambia mikono yako haikusahau siku ile, atapona kesho yake. Nami nitarudi kwenye banda la viazi, na safari hii wakisema nililegeza boliti watakuwa wanasema kweli. Nimejaribu kumhurumia. Naanza vizuri, halafu nakumbuka alivyotazama viatu vyake mbele ya kamati, na huruma inakauka.

Jana Jodie alikuja bandani. Daktari amemruhusu kupanda tena, na amenunua usukani mpya wa kaboni. Brodie alikuwa amemwambia asimpe mtu mwingine ila mimi. Nilikaza nikasikia tak, nikalegeza, nikakaza tena, nikarudia mpaka akaniuliza kama spana imeharibika. Alipoishika baiskeli yake, alinishukuru akaniombea nimalize chuo upesi nije nilishughulikie bega lake. Akasema zamani alikuwa na hasira na mimi, sasa anajua. Akasema mikono kama yangu mtu anaweza kuikabidhi shingo yake akalala usingizi. Nilimwambia asante, Jodie, nikamfungulia mlango.

Kaka, nisikuchoshe. Baba anakusalimu na anauliza kama utapata likizo viazi vya mwisho vikiwa tayari. Mama anasema ule, na usifanye kazi bila kofia. Wasalimie wenzako wa kambini, hasa yule mpishi wenu anayekufichia mkate. Ukinijibu, nijibu kwa barua, na mbele ya Mama usijifanye unajua chochote. Kazi njema huko, na joto likupungukie.

Ni mimi mdogo wako,
Tegan